Usinunue kapcha kabla hujaujua mkanda wako

Maswali ni yale yale. Kijana anaingia hapa kwangu Ngamiani, Tanga, anaamkia, kisha anatoa mfukoni kifaa kidogo cheusi cha USB kilichoandikwa "4K". "Mjomba, hiki kitahamisha mkanda wa harusi ya mama?" Mwingine ameshakichomeka na picha haitoki. Wa tatu anapata picha, lakini kila baada ya dakika chache inaganda, naye anailaumu kompyuta wakati kosa liko kwenye tundu alilochomeka diski. Nimeyaweka majibu yote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe mteja akileta mikanda kutoka Pangani au Muheza.

Ninaposema kapcha nina maana ya kifaa kinachopokea picha na sauti kutoka kwenye deki au kamera na kuvigeuza kuwa faili. Watu wengi huanza kwa kununua hiyo. Mimi naiweka karibu na mwisho. Kwanza ujue picha inatoka kwenye nini, kisha uhesabu ni data kiasi gani itamiminika kila sekunde, kisha uhakikishe diski na waya wake vinaweza kuimeza. Ukishafika hapo, kapcha za kuchagua zinabaki mbili au tatu tu.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Mkanda wenyewe, na deki au kamera inayocheza mkanda wa aina hiyo. Kama kamera iliyorekodi bado ipo kabatini, itoe.
- Nyaya: za AV zenye rangi tatu (njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti), S-Video (waya wa picha wenye plagi ya duara yenye pini ndogo) kama deki yako inayo, au FireWire kama ni MiniDV.
- Kompyuta yenye angalau tundu moja la USB 3.0.
- Diski mbili. Moja ya kazi, moja ya nakala. Mwenye diski moja bado hajawa tayari.
- UPS, hata ndogo. Umeme ukikatika mkanda ukiwa katikati unaweza kupoteza faili lote la saa nzima, na deki nayo inaweza kubaki imeung'ang'ania mkanda tumboni.

HATUA YA 1: Tambua chanzo chako

Kama kamera inarekodi kwenye kadi ya kumbukumbu, huhitaji kapcha. Hilo nalirudia kila siku. Chomoa kadi, iweke kwenye kisoma kadi cha USB 3.0, nakili mafaili. Video tayari ni faili. Kuicheza kwa HDMI na kuinasa upya ni kuishusha ubora bure.

Kama ni kaseti, soma maandishi yaliyo juu yake. VHS ni ile kubwa tunayoijua wote. VHS-C ni ndogo, inaingia kwenye kishikizo chake ndipo icheze kwenye deki ya kawaida. Video8 na Hi8 zinahitaji kamera yake. Zote hizi ni analogia, kwa hiyo lazima kitu fulani kigeuze ishara kuwa namba, na ubora wa kitu hicho una uzito mkubwa.

MiniDV ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Ndani ya mkanda wa MiniDV picha tayari ni ya kidijitali. Ukiipitisha kwa waya wa FireWire (Sony huuita i.LINK) unanakili data yenyewe, biti kwa biti. Ukiipitisha kwa waya wa njano unaigeuza kuwa analogia, kisha unairudisha kuwa dijitali kwa kifaa dhaifu. Rangi inachuja na maandishi yanavuja kingo. Tundu la USB kwenye kamera nyingi za MiniDV ni la kuhamisha picha za mnato au kutumia kamera kama kamera ya kompyuta, kwa hiyo usilitegemee kwa kazi hii.

Digital8 nayo ni data ile ile ya DV, ila imeandikwa kwenye kaseti ya umbo la Hi8. Baadhi ya kamera za Digital8 hucheza pia mikanda ya zamani ya Hi8 na kuitoa kwa FireWire ikiwa tayari imegeuzwa. Ukibahatika kuazima moja ya hizo, umepata kapcha nzuri bila kununua kapcha.

Angalia pia mkanda ulirekodiwa wapi. Huku kwetu mfumo wa picha za televisheni ni PAL: fremu 25 kwa sekunde, pikseli 720 kwa 576. Ndugu aliyerekodi akiwa Marekani au Japani ametumia mfumo wa NTSC, ambao ni 720 kwa 480, karibu fremu 30. Andika jambo hilo kwenye karatasi kabla hujasahau.

HATUA YA 2: Kagua mkanda, safisha deki

Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na mikanda iliyokaa miaka kwenye sanduku huota ukungu. Fungua mlango wa kaseti, mulika kwa tochi ya simu, tazama pembeni mwa utepe. Ukiona vumbi jeupe kama unga, usiicheze. Ukungu ule unahamia kwenye kichwa cha deki, kisha kwenye kila mkanda utakaofuata. Mkanda huo utenge ndani ya mfuko, umpelekee fundi anayejua kuusafisha.

Mkanda ulio mzima upeleke mbele hadi mwisho na uurudishe mwanzo mara moja kabla ya kuucheza, ili utepe ulegee. Deki ambayo haijatumika muda mrefu, fundi aifungue na kusafisha kichwa kwa spiriti safi. Usitumie pamba ya masikioni. Nyuzi zake hunasa na kukwangua kichwa.

Kusema kweli, pesa ya kwanza iende hapa. Deki nzuri yenye kichwa safi na kapcha ya kawaida hunipa picha bora kuliko deki iliyochoka na kapcha ya gharama.

HATUA YA 3: Piga hesabu ya data

Kanuni ni moja. Watengenezaji hutaja megabiti kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti. Zidisha kwa 3,600, gawanya kwa 1,000, upate gigabaiti kwa saa.

DV ni megabiti 25 kwa picha peke yake. Ukiongeza sauti na taarifa nyingine inafika kama megabaiti 3.6 kwa sekunde, yaani karibu GB 13 kwa saa. Kaseti ya dakika 60 ni GB 13. Ndogo, hata diski ya zamani inaiweza.

VHS ukiinasa bila kubana kabisa ni hesabu nyingine: 720 mara 576 mara baiti 2 mara fremu 25, unapata karibu megabaiti 21 kwa sekunde. Hiyo ni GB 75 kwa saa. Kaseti ya E-180 ya saa 3 itakula GB 225. Ukitumia mbano usiopoteza kitu, kama HuffYUV au FFV1, inashuka hadi karibu nusu au chini zaidi.

Kwa HDMI ya 1080p, ProRes 422 (aina ya faili la video la kuhariri) kwa fremu 25 ni megabiti 122, karibu GB 55 kwa saa. Bila kubana ni zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde, na hapo tayari unahitaji SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka.

HATUA YA 4: Chagua diski na tundu lake

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu malalamiko mengi ya "kapcha mbovu" chanzo chake ni hapa.

USB 2.0 imeandikwa megabiti 480. Kwa vitendo utapata karibu megabaiti 35 kwa sekunde, siku nzuri. Sasa mchukue yule kijana wetu wa tatu, ambaye picha yake inaganda. Amechomeka kapcha ya USB 2.0 inayotoa megabaiti 21, na diski ya nje kwenye kigawio (hub) kile kile cha USB. Data inaingia 21, inatoka 21, jumla 42, ndani ya njia yenye uwezo wa 35. Fremu zitaruka tu. Kapcha nzima, diski nzima, kompyuta nzima, ila vyote vinagombania mlango mmoja. Dawa yake haina gharama: kapcha tundu lake, diski tundu lake la USB 3.0, bila kigawio katikati. Au nasa kwenye diski ya ndani kwanza, kisha uhamishe.

USB 3.0 ni gigabiti 5. Diski ya kuzunguka ya mkononi huandika karibu megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa tupu na hupungua inavyojaa. SSD ya SATA hufika kama 550. SSD ya NVMe huenda mbali zaidi, lakini kwa kunasa VHS hutaiona tofauti. Utaiona unapohariri harusi yenye kamera tatu kwa pamoja, kwa sababu diski ya kuzunguka lazima irushe kichwa chake huku na huko kutafuta mafaili matatu, wakati SSD haina kichwa cha kurusha. Ushauri wangu kwa anayeanza ni SSD ndogo ya kazi na diski ya kuzunguka kubwa ya kuhifadhi.

Makosa yanayojirudia:

Umbo la USB-C si kasi. Waya wa USB-C uliokuja na chaja ya simu mara nyingi ndani yake ni USB 2.0. Diski yako ya megabaiti 500 itatembea kwa 35, nawe utadhani umeuziwa diski bandia. Tumia waya uliokuja na diski.

Diski bandia nazo zipo kweli. Flashi au diski ya nje iliyoandikwa terabaiti nyingi kwa bei ya kutupa ina kumbukumbu ndogo ndani inayodanganya kompyuta. Inapokea mafaili yote, kisha yanafunguka yakiwa matupu. Kabla hujaweka harusi ya mtu humo, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Jaribio huchukua saa kadhaa. Lisubiri.

FAT32, mojawapo ya mipangilio ya kuhifadhi mafaili kwenye diski, haipokei faili linalozidi GB 4. Kwa DV hiyo ni chini kidogo ya dakika 20, na wengi wameona kurekodi kunasimama pale pale kila mara bila kujua kwa nini. Ifomati diski upya, baada ya kutoa vilivyomo. Kama unatumia Windows peke yake chagua NTFS, kwa sababu inastahimili zaidi umeme ukikatika ghafla. exFAT ni ya anayehama kati ya Windows na Mac, na huyo asisahau UPS.

HATUA YA 5: Sasa nunua kapcha

Kwa MiniDV na Digital8: usinunue kapcha, nunua FireWire. Kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye nafasi ya PCI Express, pamoja na kadi ya FireWire yenye chipu ya Texas Instruments, ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Laptop za zamani zenye tundu dogo la pini 4 pia zinafaa. Kwenye Mac kulikuwa na adapta za kutoka Thunderbolt kwenda FireWire, ila macOS 26 imeondoa FireWire, kwa hiyo tafuta Mac yenye mfumo wa zamani na usiusasishe.

Onyo: kuna vinyaya vinavyouzwa vyenye USB upande mmoja na FireWire upande wa pili. Havifanyi kazi na kamera za DV. FireWire na USB ni lugha mbili tofauti, na waya mtupu hautafsiri. Usivichomeke hata kwa kujaribu.

Kwa VHS na Hi8: tafuta kapcha yenye S-Video na si waya wa njano peke yake, na uhakikishe ina draiva ya mfumo wako wa sasa. Vile vifaa vya bei ndogo vinavyofanana sura vina chipu tofauti ndani. Viwili kutoka boksi moja vinaweza kutaka draiva mbili. Chaguo lingine ni kigeuzi cha kwenda DV kama Canopus ADVC-110, au kamera ya MiniDV inayopokea AV na kutoa FireWire. Njia hiyo inafunga sauti na picha pamoja, na shida ya sauti kupishana na mdomo karibu inatoweka.

VHS ina ugonjwa wake: muda wa mistari ya picha hautulii, na kapcha ikichanganyikiwa inatupa fremu. Kifaa cha kutuliza huitwa TBC, na bei yake ni kubwa. Mbadala unaofaa ni kupitisha ishara ndani ya baadhi ya rekoda za DVD za Panasonic, kama DMR-ES10 au ES15, kisha kwenda kwenye kapcha. Zikipatikana kwa wauza vyombo vilivyotumika, chukua.

Epuka kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI ukikiunganisha na kapcha ya HDMI. Kinavuta picha ikae pana na kuchanganya nusu-fremu mbili (picha za mistari ya kupokezana zinazounda fremu moja) kuwa moja. Mchezo wa ngoma unaonekana kama watu wana mikono minne, na hakuna programu itakayorekebisha hilo baadaye.

Kwa HDMI: vile vifaa vya bei ya chini vilivyoandikwa 4K, vingi vinapokea 4K lakini vinarekodi 1080p kwa USB 2.0, picha ikiwa imebanwa tayari. Kwa kurusha mubashara kutoka msikitini au ukumbini vinatosha. Kwa kuhariri na kusahihisha rangi, chagua cha USB 3.0 kama Elgato Cam Link 4K au cha Thunderbolt kutoka Blackmagic. Hakikisha pia kamera yako inatoa HDMI safi, isiyo na alama za betri na saa.

HATUA YA 6: Unganisha kwa utaratibu

Zima kamera. Zima kompyuta. Chomeka FireWire. Washa kompyuta, kisha kamera. Tundu la FireWire la pini 6 linabeba umeme unaoweza kufika volti 30, na plagi yake iliyolegea inaweza kuingizwa kinyume ukilazimisha. Niliwahi kufanya hivyo kwa haraka jioni moja, na tundu la kamera ya mteja likafa palepale. Nilimlipa kamera. Tangu siku hiyo hakuna waya wa FireWire unaochomekwa kwangu vifaa vikiwa vimewashwa.

Kwa AV, sauti iunganishwe pia moja kwa moja kwenye kapcha, si kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Kapcha na kompyuta kila kimoja kina saa yake ya ndani, na sauti na picha huachana taratibu.

HATUA YA 7: Panga programu, kisha jaribu dakika 10

WinDV kwa FireWire kwenye Windows, dvgrab kwenye Linux, VirtualDub kwa analogia, OBS Studio kwa HDMI. Chagua PAL au NTSC kulingana na karatasi yako. Picha ya VHS ya PAL ina nusu-fremu 50 kwa sekunde, hivyo iache kama ilivyo na usiruhusu programu iziunganishe wakati wa kunasa. Kuziunganisha ni kazi ya baadaye, ukiwa na asili mkononi.

Zima masasisho, zima kulala kwa kompyuta, funga vivinjari. Nasa dakika 10 za sehemu yenye watu wanaosema, kisha itazame yote, midomo na sauti, mwanzo na mwisho. Tazama hesabu ya fremu zilizoruka. Kwa DV inapaswa kuwa sifuri.

HATUA YA 8: Nasa, nakili, hakiki

Nasa kaseti nzima bila kugusa kompyuta. Ukimaliza, nakili faili kwenye diski ya pili kwa programu inayolinganisha nakala na asili, kama TeraCopy. Fungua nakala, si asili, uruke hadi dakika ya mwisho uone kama inacheza. Ndipo uanze kuhariri. Mkanda mrudishie mwenyewe, na umwambie asiutupe.

IKIKWAMA

Picha haina rangi, nyeusi na nyeupe tu. Umechanganya PAL na NTSC, au umechomeka waya wa njano kwenye tundu la kijani la picha (component) badala ya la njano. Kwa S-Video, angalia pini iliyopinda.

Mstari wa chenga chini ya picha ya VHS. Huo ni wa kawaida. Televisheni za zamani ziliuficha nyuma ya fremu. Ufunike wakati wa kuhariri.

Chenga nyingi picha nzima. Geuza kirekebisha mkanda cha deki, kile kinachoitwa tracking, polepole. Ikishindikana, kichwa ni kichafu.

Sauti ina mvumo mzito usiokoma. Umeme wa 50 Hz unaingia kupitia chaja ya laptop. Chomoa chaja, tumia betri. Mvumo ukiisha, chomeka deki na kompyuta kwenye soketi moja.

Kamera ya MiniDV haionekani kwenye kompyuta. Iweke kwenye hali ya kucheza, iliyoandikwa VCR au Play, si ya kurekodi. Kwenye Windows 10 jaribu kubadilisha draiva ya FireWire kuwa ile yenye neno "Legacy".

MiniDV inatoa vimraba na sauti inakatika. Huenda ulirekodiwa kwa LP ili dakika 60 ziwe 90. Mikanda ya LP mara nyingi huelewana na kamera iliyoirekodi peke yake. Mtafute mwenye kamera.

HDMI ni nyeusi kabisa kwenye kapcha, ilhali kwenye televisheni picha ipo. Kama chanzo ni king'amuzi, ishara imefungwa na ulinzi wa HDCP na kapcha inaikataa. Kwa kamera tatizo hilo kwa kawaida halipo, kwa hiyo anza na waya. Ubadilishe.

Fremu zinaruka baada ya dakika kadhaa, mwanzoni safi. Ni diski. SSD ya bei ya chini huanza kwa kasi, kisha hupungua ikijaza akiba yake ya haraka. Diski ya kuzunguka inayojitegemea umeme wa USB nayo hulegea tundu likiwa dhaifu, hasa la mbele ya kompyuta ya mezani. Hamia tundu la nyuma, na urudie jaribio la dakika 10.